Hewa ya Mfanyi Kazi Haitengenezwi kwa Kubahatisha



Tumepokea barua kutoka kwa ndugu zetu wa pwani, wale wafanyao kazi ya kuzamia na wale wajazao mitungi ya hewa, nao watuuliza jambo ambalo halijapata kuandikwa katika kurasa hizi. Wasema: tajiri akituamuru tutoe kipuri katika regulata moja tukitie katika nyingine ili kazi iende mbele, je, tukubali au tukatae? Na ikiharibika, nani alipe?

Tumekaa tukalizungumza. Wako wenzetu ambao wangependa tuseme "kataeni" tukaishia hapo. Hatuwezi kusema hivyo, maana si kweli. Viko vipuri vinavyohamishwa bila hofu yo yote, na viko vipuri vinavyoua. Chama kikipiga kelele bila kujua tofauti yake, tajiri atatucheka, na atakuwa na haki ya kutucheka.

Kwa faida ya wanachama wa bara, ambao bahari wanaijua kwa siku mbili tatu za Krismasi tu, tueleze kwanza regulata ni kitu gani. Mtungi wa mzamiaji ukijazwa huwa na hewa ya presha ya bar 200 au zaidi. Tairi la gari dogo lina bar 2 na kidogo. Mtu hawezi kuvuta hewa ya bar 200 kwa kinywa chake, ingempasua mapafu. Basi regulata ndiyo inayoipunguza hewa hiyo, nayo huipunguza mara mbili. Sehemu ya kwanza, ambayo kazini twaiita kichwa, hufungwa juu ya mtungi na kuishusha hewa mpaka kama bar 9 au 10 juu ya presha ya maji yaliyomzunguka mzamiaji. Kutoka hapo hewa hupita katika mpira hadi sehemu ya pili, yaani mdomo, ambayo hufunguka mtu avutapo pumzi na kufunga aachapo. Katika mita 30 chini, pale ilipolala meli ya Dania iliyozamishwa karibu na Mombasa mwaka 2002, mtu hutumia hewa mara nne ya ile aitumiayo juu ya maji. Regulata ikikataa hapo, hakuna kupiga simu wala kungoja fundi.

Chombo hiki si kigeni tena duniani. Mwaka 1943 Wafaransa wawili, Jacques Cousteau aliyekuwa afisa wa majini na Émile Gagnan aliyekuwa injinia, walitengeneza kile cha mipira miwili kilichojulikana kwa jina la Aqua-Lung. Mwaka 1952 Ted Eldred, fundi wa Melbourne katika Australia, akatoa cha mpira mmoja, kichwa mbali na mdomo mbali, na karibu zote tunazofanyia kazi leo ni wajukuu wa kile chake. Kwa hivyo wasituambie ya kwamba ni siri kubwa ambayo Mwafrika hawezi kuifungua. Ni shaba, springi, mipira na vikalio vichache. Fundi wa breki za matatu akifundishwa vizuri ataielewa. Lakini tumesema akifundishwa.

Sasa tuzilinganishe, maana wenzetu wameuliza ipi ni bora, na makampuni kila moja husema yangu. Vichwa ni vya namna mbili. Kimoja hutumia pistoni, na kingine hutumia kiwambo cha mpira. Kichwa cha pistoni rahisi, kama MK2 ya Scubapro, kina vipuri vichache mno; mtu aweza kuvihesabu mezani na bado akawa na nafasi ya kikombe cha chai. Hakichoki upesi, hakigharimu sana, na kwa chombo cha kukodisha wageni wanaozama mita 10 au 12 sisi hatuoni ubaya wake. Dosari yake ni kuwa hakina mizani: mtungi ukianza kwisha, presha inayokwenda mdomoni nayo hushuka, na pumzi huwa nzito. Kichwa chenye mizani, kiwe cha pistoni kama MK25 au cha kiwambo kama vile vya Apeks na Mares, hutoa presha ile ile toka mtungi umejaa mpaka unakaribia kwisha.

Cha kiwambo kina fadhila nyingine ambayo mgeni haioni, ila sisi tunaoosha vyombo jioni twaiona. Sehemu nyingi za kazi hazigusani na maji ya bahari, na mchanga hauingii kirahisi. Cha pistoni hupokea maji ya chumvi katika chumba cha springi kila siku ya Mungu. Huwa rahisi kufungua, lakini hudai kufunguliwa. Ndiyo maana kwa kiongozi wa wazamiaji, ambaye hushuka kila siku na akashuka na wageni wasiojua kitu, sisi twaona heri kiwambo chenye mizani, au pistoni yenye mizani iliyotunzwa na mtu asiye mvivu. Ajabu ni kwamba katika vituo vingi mambo yamepinduliwa. Mgeni anayelipa hupewa kipya, na kiongozi, ambaye ndiye atakayemkimbilia mgeni huyo akipata taabu, huning'iniziwa kile kilichobaki ukutani.

Ulaya wana kipimo chao kiitwacho EN 250. Regulata hutiwa katika mashine na kupumuliwa lita 62.5 kwa dakika kana kwamba iko mita 50, na kazi ya kupumua isizidi jouli 3 kwa lita. Kipimo hicho ni kizuri, nasi twawaomba wanachama wakitafute kimeandikwa juu ya chombo. Lakini jueni jambo moja: kichwa na mdomo hupimwa pamoja kama mume na mke. Ukitoa mdomo wa kampuni hii ukaufunga kwa kichwa cha kampuni ile, huenda ukafanya kazi vizuri sana, ila cheti kile hakina maneno tena juu yake.

Hapo ndipo tufike kwenye swali lenyewe la kuhamisha.

Vitu vya nje vingi hupatana, na hilo ni jambo la kushukuru. Tundu za presha ndogo katika vichwa vya kisasa zina nyuzi za inchi 3/8, na tundu za presha kubwa zina 7/16. Upande wa mdomoni mpira una 9/16. Kwa hivyo mpira wa hewa, geji, na mpira wa jaketi unaweza kutoka kampuni moja kwenda nyingine, na mfanyi kazi asiogope. Midomo ya kawaida, ile ambayo valvu yake husukumwa na hewa ifunguke, hupokea presha ya bar 9 au 10 kutoka kichwa cho chote, mradi ipimwe na kurekebishwa baada ya kufungwa. Midomo ya namna hiyo ina hekima ndani yake. Kichwa kikiharibika na presha ikapanda, mdomo huvuja wenyewe na kuitoa. Lakini kuna midomo michache, hasa ya Poseidon ya Uswidi, ambayo valvu yake hufungwa na presha badala ya kufunguliwa nayo. Huo haujui kuvuja. Kampuni yenyewe hutia valvu ya kupunguzia presha mahali pengine, na mtu akiufunga mdomo huo kwa kichwa kigeni bila valvu hiyo, kichwa kikipanda presha mpira ndio utakaopasuka.

Tena, angalieni vichwa vya kale. Regulata nyingi za miaka ya 1970 na nyuma yake zina tundu zote za 3/8, ya presha kubwa na za presha ndogo, zote sawasawa kama meno ya chana. Bado zinaonekana katika stoo, kwa kuwa shaba haifi. Mtu akitia mpira wa mdomo katika tundu ya presha kubwa kwa kukosea, mpira uliotengenezwa kwa bar 10 hupokea bar 200. Tumewaona watu wakifunga vyombo hivyo asubuhi gizani kwa haraka. Vichwa vya namna hiyo vipigwe rangi nyekundu kwenye tundu ile, au vipewe makumbusho.

Ndani ya chombo ndiko kwenye hatari, maana huko vitu hufanana bila kupatana. Chukueni mfano wa kampuni moja tu, hiyo hiyo Scubapro. Katika MK2 kikalio kimo katika ncha ya pistoni. Katika MK25 pistoni yenyewe ina ukingo mkali kama wembe, na kikalio kimo katika mwili wa kichwa. Ni ndugu wa baba mmoja, lakini hawavai kanzu moja. Kwa upande mwingine, kampuni hiyo hiyo iliutengeneza mdomo wake wa zamani wa kurekebishwa kwa namna ambayo baadhi ya vipuri vya ndugu zake waliokuja baadaye huingia ndani yake na kuupa mizani ambayo haukuzaliwa nayo. Kwa hivyo mtu hawezi kusema "vya kampuni moja hupatana" wala "havipatani". Lazima awe na karatasi ya mchoro na namba za vipuri mbele yake, na asome namba, si sura.

Oringi nazo zina maneno yake. Kampuni hupenda kutuuzia oringi ndani ya pakiti kana kwamba zimetoka mbinguni, lakini nyingi ni za namba za kawaida za viwanda. Ile ya uso wa valvu ya mtungi, ambayo kila mmoja wetu amewahi kuibadilisha mashuani, ni namba 014 katika mitungi mingi, na duka la vyombo vya haidroliki linaweza kuwa nayo. Sisi hatuoni dhambi kununua oringi huko, ikiwa muuzaji atasema ni mpira wa namna gani na ugumu wake ni kiasi gani. Maana namba hutaja ukubwa tu. Iko ya ugumu wa 70 na iko ya ugumu wa 90, na kwa macho ni pacha. Ile laini ikitiwa mahali pa presha ya mtungi husukumwa nje ya mfereji wake kama chapati ya maji. Na yule asiyejua kujibu swali hilo dukani, msinunue kwake. Vikalio na viwambo ni habari nyingine kabisa. Hivyo visitoke popote ila kwa mwenye kutengeneza chombo, na visichongwe.

Twasema visichongwe kwa sababu tumeona. Mmoja wetu tunaoandika ukurasa huu alikuwa kiongozi wa wazamiaji katika kituo ambacho hatutakitaja. Msimu wa kaskazi, maji safi, wageni wengi. Akiwa mita 22 na wageni wanne, mdomo wake ukaanza kumwaga hewa wenyewe bila kukoma. Alipumua hivyo hivyo huku ukimwaga, akawapandisha watu wake polepole kama inavyotakiwa, akafika juu na bar 15. Jioni tulipokifungua kichwa tulikuta kikalio cha kampuni nyingine kilichopunguzwa kwa wembe ili kiingie. Aliyekipunguza hakuwa mtu mbaya. Aliambiwa pakiti ya vipuri iko njiani, na asubuhi kuna wageni kumi. Mwisho wa mwezi, kiongozi yule alikatwa mshahara kwa ajili ya "kuharibu regulata". Alikatwa yeye, aliyekuwa karibu kufa nayo.

Ndugu, Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 19, humruhusu mwajiri kukata kiasi cha haki kwa mali iliyoharibika au kupotea kwa kosa la kusudi la mfanyi kazi. La kusudi. Kikalio kilichoisha kwa kutumiwa si kusudi la mtu. Chumvi si kusudi la mtu. Aliyekatwa namna hiyo alete hati yake ya mshahara kwa katibu wa tawi.

Kabla hatujaacha habari za kupatana, liko jambo la wajazaji mitungi ambalo si la regulata yenyewe, lakini ni la ukoo huo huo, na ni baya kuliko yote. Shingo za mitungi zina nyuzi za namna mbalimbali. Ziko za inchi 3/4 na ziko za milimeta 25 ziitwazo M25. Valvu ya M25 ikitiwa katika shingo ya 3/4 huingia. Huonekana imekaa, ingawa inacheza kidogo, na mtu mwenye haraka huona ni nyuzi zimechoka. Kumbe imeshika nyuzi chache tu, tena kwa pembeni. Presha ikipanda huchomoka kama risasi, na anayesimama juu yake ni mjazaji, mtu wa mshahara mdogo kuliko wote kituoni. Valvu na shingo zote mbili zina alama iliyogongwa. Zisomwe zote mbili kila mara valvu inapotolewa. Isiposomeka, mtungi usijazwe, na hapo twasema wazi bila kuzunguka: kataeni.

Sasa habari za kutengeneza. Makampuni kwa desturi husema chombo kifunguliwe kila mwaka au kila baada ya mizamo 100, lo lote litangulialo. Siku hizi baadhi yao husema miaka miwili, na kukagua katikati. Matajiri wanaipenda sana ile sehemu ya mwaka, kwa kuwa ndiyo iliyoandikwa kwenye kalenda. Tupige hesabu. Mgeni wa likizo huzama mara kumi kwa mwaka. Yeye kalenda inamtosha. Kiongozi wetu huzama mara mbili kwa siku, siku sita kwa juma. Hiyo ni mizamo 12 kwa juma, na mia yake imetimia kabla ya juma la tisa kwisha. Katika msimu mmoja wa kuanzia Oktoba hadi Machi, chombo chake kimeipita mia zaidi ya mara mbili. Na bado ataambiwa, "Hii ilifunguliwa mwaka jana tu." Hatusemi kila chombo kivunjwevunjwe kila miezi miwili, kufungua kitu kizima nako kuna hatari yake, na wako mafundi wazuri wasemao kisichoumwa kisipasuliwe. Twasema mizamo ihesabiwe, na mia ikitimia chombo kipimwe, na kipimo ndicho kiamue.

Kupima si kazi ya uchawi wala ya pesa nyingi. Geji ndogo ya presha ya kati hufungwa kwenye mpira wa jaketi. Hewa ikifunguliwa, sindano ipande mpaka 9 au 10, kama kitabu cha chombo kisemavyo, kisha isimame. Ikisimama na kuanza kupanda tena polepole, kikalio cha kichwa kimeanza kuvuja, hata kama mdomo bado umenyamaza. Mdomo nao hupimwa kwa beseni. Ushikeni kinywa kikielekea juu na nje ya maji, mkauzamishe polepole. Uanze kulia maji yakiwa sentimeta 3 au 4 juu ya kiwambo. Ukilia kabla, umekazwa mwepesi mno na utamwaga. Ukikawia sana, atakayevuta atachoka. Kisha fungeni hewa na mvute kwa kinywa: ikiwa hewa yaingia kutoka pembeni, maji nayo yataingia.

Na lichungulieni chujio la kichwani, lile dogo la shaba mahali hewa iingiapo. Likiwa kijani, maji ya chumvi yamepita, ama kwa sababu kifuniko hakikufungwa wakati wa kuosha ama mtungi una maji. Likiwa na wekundu wa kutu, mtungi wa chuma umeoza ndani. Likiwa jeusi, mkaguzi aende moja kwa moja kwenye kompresa, maana makaa ya vichujio yanatoka au mafuta yanapita, na watu wanayavuta. Tajiri anaweza kubishana na mfanyi kazi siku nzima, lakini chujio jeusi likiwekwa juu ya meza yake ni vigumu kubishana nalo.

Hapo twageukia upande wetu, maana hatuandiki ili kumpaka tajiri matope peke yake. Vyombo vingi huharibiwa na mikono yetu. Tumewaona wenzetu wakitosa regulata katika pipa la maji bila kifuniko. Tumewaona wakibonyeza kitufe cha mdomo ndani ya pipa wakati hakuna presha, na maji machafu ya pipa yakapanda mpirani mpaka kichwani. Mtu huchokora oringi kwa bisibisi ya chuma, akaacha mkwaruzo katika shaba ambao hakuna oringi mpya itakayouziba. Tumieni kijiti cha plastiki au cha shaba. Mwingine huacha shaba ndani ya siki usiku kucha ili ing'ae. Siki iliyochanganywa na maji, kwa dakika chache, huondoa kutu ya kijani. Usiku kucha huondoa na mengine. Grisi ya silikoni huharibu mipira iliyotengenezwa kwa silikoni, na penye oksijeni nyingi hutakiwa grisi yake maalumu, maana nyingine hushika moto. Na yuko fundi mmoja, hatumtaji, anayetumia mafuta ya nazi. Ndugu, mafuta ya nazi ni ya nywele.

Tunaelewa pia kilio cha matajiri wadogo. Pakiti za vipuri hutoka ng'ambo, na makampuni mengi hayamuuzii ila yule aliyesomea katika darasa lao. Wasema ni kwa ajili ya usalama. Kwa kiasi fulani wasema kweli, nasi hatutaki vikalio viuzwe kando ya barabara kama misumari. Lakini mlango ukifungwa sana, matokeo yake ni ule wembe tuliousimulia. Huko Ulaya wametoa amri mwaka 2024 ya haki ya kutengenezewa vitu, nayo yataja mashine za kufulia na simu; vyombo vya kuzamia havimo. Kwa hivyo tusingoje msaada kutoka huko. Dawa iliyo mikononi mwetu ni kuwapeleka watu wetu katika darasa hilo. Wawili kutoka kila eneo la pwani, vituo vichange nauli na karo, cheti kiandikwe jina la mfanyi kazi, na mtu huyo atengeneze vyombo vya vituo vyote vya eneo lake. Kituo kimoja chenye regulata 15 hakiwezi kumlipa fundi mwaka mzima. Vituo sita vinaweza.

Na wakati wa kazi hiyo upo. Kila mwaka masika yakiingia, Mei na Juni, bahari huchafuka, vituo hufunga, na wafanyi kazi huambiwa waende nyumbani bila mshahara mpaka waitwe. Miezi hiyo ndiyo vyombo vyote vimelala ukutani na vimepita mizamo yao. Mwezi wa Julai watu huitwa, na siku ya tatu wageni wamefika, na pakiti haijaagizwa. Sisi twasema masika yawe msimu wa kutengeneza. Walioajiriwa wabaki, walipwe angalau nusu ya siku zao, mitungi ichunguliwe, vichwa vifunguliwe, kompresa ibadilishwe mafuta na vichujio. Tajiri ataona hasara katika kitabu chake cha Juni, na atakaa bila gharama ya haraka Desemba, wakati kila kitu kina bei mara mbili. Tumemsikia mmoja akisema ya kuwa hii ni njia ya chama kutafutia watu mshahara wa bure. Kufungua vichwa 30 na midomo 60 si bure; aje akae nasi siku moja na glasi ya kukuzia jichoni.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 iko upande wetu. Mwajiri ana wajibu wa kutoa vyombo vya kujikinga vilivyo salama, na mfanyi kazi ana wajibu wa kutoa taarifa ya hatari aionayo na asiyoweza kuiondoa mwenyewe. Mahali penye watu ishirini au zaidi panatakiwa kuwa na kamati ya usalama. Vituo vingi vya kuzamia havifiki ishirini, na hilo hutumiwa kama mwanya. Twapendekeza matawi ya Diani, Watamu na Mombasa yaombe kamati moja kwa ufuo mzima, hata kama sheria haiwalazimishi wenye vituo. Wawili katika wenye vituo tuliozungumza nao hawakukataa.

Makatibu wa matawi waanze na hesabu. Kila regulata ina namba iliyochongwa kichwani. Iandikwe katika daftari, na kila jioni mizamo yake itiwe alama, ya wageni na ya viongozi mbalimbali. Atakayeona presha inapanda au chujio limebadilika rangi aandike siku na saa, aweke sahihi, na nakala ibaki kwake. Chujio lililotolewa litiwe katika bahasha pamoja na namba ya chombo na kuletwa kwenye mkutano wa tawi. Mwenye kikalio kilichochongwa naye akilete.